Mwulizeni Habari za Usipa

Mama wa Chiwanda, pale mwambao wa Ziwa Nyasa, akiambiwa kwamba bintiye ameitwa Dar es Salaam kwenye usaili wa kazi ya umeneja wa bidhaa, ana haki ya kuuliza: bidhaa gani? Anazozijua yeye ni zile zinazopangwa kwenye rafu za duka, yaani sabuni ya mche, chumvi, kiberiti, mafuta ya kupikia na vocha za simu. Meneja wa vitu hivyo ni mwenye duka. Binti ataanza kueleza kwamba bidhaa yenyewe haishikiki, imo ndani ya simu, na kwamba yeye hataiuza wala kuitengeneza. Ataamua iweje, ianze na nani, na kipi kiachwe kwanza. Mama ataitikia, "Haya, mwanangu," kwa sauti ya mtu ambaye hakuelewa ila hataki kumkatisha tamaa msafiri.

Mama hajapotea sana, kwa kuwa kazi hii ilizaliwa kwenye sabuni. Mwezi Mei 1931 kijana aliyeitwa Neil McElroy, mtu wa matangazo katika kampuni ya Procter & Gamble huko Cincinnati, Marekani, alikuwa amekabidhiwa sabuni ya Camay, nayo ilikuwa inafunikwa na Ivory, sabuni nyingine ya kampuni hiyohiyo. Aliwaandikia wakubwa wake barua ya kurasa tatu akitaka kila sabuni iwe na mtu wake. Mtu huyo ajue inauzika wapi na inalala wapi, aende huko akazungumze na wenye maduka na wanunuzi, arudi na dawa, kisha afuatilie kama dawa imefanya kazi. McElroy baadaye akawa Waziri wa Ulinzi wa Marekani, kuanzia 1957 hadi 1959. Barua yake nayo ilisafiri, ikatoka kwenye sabuni ikaingia kwenye programu za kompyuta, na sasa imefika kwenye matangazo ya kazi ya kampuni za fedha za simu za Dar es Salaam na Nairobi. Sehemu ya "aende huko" imeanguka njiani.

Binti huyu ni wa mfano tu, kwa hiyo hana jina la kulindwa. Lakini njia anayopita ipo. Chiwanda ni kata ya Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012 na kuwekewa makao makuu Mbamba Bay. Kutoka ziwani basi hupanda milima ya Umatengo mpaka Mbinga, likashuka Songea, na kutoka Songea zimebaki zaidi ya kilomita 900 kufika Dar es Salaam. Barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay sasa ina lami, jambo ambalo waliosafiri miaka ya nyuma wakati wa masika hawachoki kulitaja. Binti amemaliza chuo kikuu, ana kompyuta mpakato iliyochoka, na kwenye simu yake amepakua video zaidi ya 20 za wageni wanaofundisha namna ya kujibu maswali ya usaili.

Chumbani anakuta watu watatu, wote vijana, mmoja kavaa jinzi. Tatizo la kwanza ni salamu. Je, awape shikamoo? Mkubwa wao huenda hajafika miaka 35. Anaamua kusema "habari za asubuhi", nao wanajibu kwa Kiingereza, na kuanzia hapo usaili wote unakwenda kwa Kiingereza. Bidhaa inayojadiliwa ni menyu ya simu ambayo kila neno lake ni la Kiswahili: tuma pesa, toa pesa, lipa bili, ingiza namba ya siri. Watu wanne wanaozungumza Kiswahili nyumbani wanajadili menyu ya Kiswahili kwa lugha ambayo mteja wao wa Chiwanda haitumii. Mwandishi wa makala haya hajawahi kusikia sababu ya maana ya jambo hilo, isipokuwa kwamba taarifa kwa wawekezaji huandikwa hivyo.

Kisha linakuja swali maarufu kuliko yote: taja programu unayoipenda, useme ungeiboreshaje.

Jibu la kweli lipo. Programu anayoijua binti huyu mpaka kwenye mifupa ni ile menyu ya kutuma pesa, kwa sababu kuanzia darasa la sita alikuwa anamsomea bibi yake ujumbe wa miamala. Lakini video zilimfundisha kwamba jibu linalong'aa ni Spotify, au Uber, au Airbnb. Anataja Uber. Kule kwao hajawahi kuona gari la Uber, na jopo linajua, na yeye anajua kwamba jopo linajua. Anaendelea hivyohivyo kwa utaratibu aliokariri: taja aina za watumiaji, chagua kundi moja, orodhesha shida zao, pendekeza masuluhisho matatu, chagua moja. Utaratibu huo unatoka kwenye vitabu vya maandalizi vilivyoandikwa kwa ajili ya wanaotaka kuajiriwa Google, Amazon na wenzao, kama kile cha Gayle Laakmann McDowell na Jackie Bavaro kilichotoka mwaka 2013. Ni vitabu vizuri kwa kazi yake. Kosa ni la jopo linalotoa swali kitabuni, kisha linampa alama nyingi anayejibu kutoka kitabu hichohicho.

Na kuna vitendawili. Ndege moja inabeba mipira mingapi ya tenisi? Kwa nini vifuniko vya mashimo ya barabarani ni vya duara? Hilo la pili lilipata umaarufu kupitia usaili wa Microsoft, na kwa miaka mingi kampuni za teknolojia ziliamini kwamba anayelijibu vizuri ana akili ya kazi. Mwezi Juni 2013 Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa masuala ya wafanyakazi wa Google, aliliambia gazeti la New York Times kwamba walipopitia takwimu zao waligundua vitendawili hivyo ni kupoteza muda. Havitabiri chochote isipokuwa kumfanya anayeuliza ajione mjanja. Wanasaikolojia walikuwa wamekwisha kusema jambo la jirani. Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter walikusanya matokeo ya utafiti wa miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi. Kumpa mtu kipande cha kazi yenyewe akifanye kulikuwa miongoni mwa njia zilizotabiri vizuri zaidi nani ataiweza kazi, na usaili wenye maswali yaleyale kwa kila mtu ulikuwa karibu nayo. Mazungumzo ya kukurupuka yalibaki nyuma.

Wenyewe wameviacha vitendawili, sisi huku bado tunavinunua, kama mitumba.

Sababu ya kuvipenda inajulikana, na ina uzito: watu ni wengi. Mwezi Juni 2014 Idara ya Uhamiaji iliita wasailiwa kwenye Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, na wakafika zaidi ya 10,000 kugombea nafasi 70. Picha za majukwaa yaliyojaa vijana wenye bahasha za kaki zilizunguka nchi nzima. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596, maombi yakapita 100,000. Mwenye kazi akielemewa na umati wa namna hiyo hutafuta chekeche, na kitendawili ni chekeche rahisi. Kampuni binafsi inayotafuta meneja mmoja haina uwanja wa kujaza, lakini imerithi tabia ya kupunguza watu kwanza, kutazama baadaye.

Ubaya ni kwamba eneo letu hili ndilo lenye mfano bora kabisa wa kazi ya umeneja wa bidhaa, na mfano huo hausemi kitu kuhusu mipira ya tenisi. Mwezi Oktoba 2005 Vodafone na Safaricom walianza jaribio dogo nchini Kenya pamoja na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu na Commercial Bank of Africa. Sehemu ya fedha ilitoka serikali ya Uingereza. Nia ilikuwa moja: wakopaji wadogo wapokee na kurejesha mikopo yao kwa simu. Wateja wa jaribio hawakufika 500. Nick Hughes, mwenye wazo, na Susie Lonie, aliyekwenda Kenya kulisimamia, wameeleza kwa maandishi yaliyotokea. Wateja walianza kulipana wenyewe kwa wenyewe. Wenye biashara waliigeuza kuwa kasha la kulazia mauzo ya siku. Wengine waliweka pesa mwanzo wa safari na kuzitoa mwisho wa safari, ili wasizibebe garini. Wapo walionunua muda wa maongezi na kuurusha kwa ndugu walio mbali.

Watu waliokariri mpango wangesema wateja wanaitumia vibaya huduma. Hughes na Lonie waliuweka mkopo pembeni. Huduma hiyo ilipozinduliwa Machi 2007 kwa jina la M-Pesa ilikuja na ahadi ya kutuma pesa nyumbani, basi. Huko Uganda nako, wakati huohuo, watu walikuwa wametangulia bila kampuni yoyote kuwaambia: aliyeko Kampala alinunua vocha, akamsomea namba zake mwenye kibanda cha simu kijijini, naye akampa ndugu fedha taslimu baada ya kukata chake. Jan Chipchase, mtafiti wa Nokia, alilikuta jambo hilo likiitwa sente na akaliandika. Hapakuwa na meneja. Alikuwepo mwenye kibanda.

Tanzania inatoa somo la pili, lisilopigiwa ngoma sana. Vodacom ilianzisha M-Pesa hapa Aprili 2008, kwa jina lilelile na mtambo wa aina ileile. Katika miezi 14 ya mwanzo Kenya ilikuwa imepata watumiaji milioni 2.7, Tanzania ilipata 280,000 hivi. Nchi hii ni kubwa zaidi, watu wake wametawanyika, mawakala walikuwa wachache na mbalimbali, na kampuni iliyoleta huduma haikuwa imetawala soko kama Safaricom ilivyolitawala la Kenya. Ilibidi njia ya kuwapata na kuwahudumia mawakala ibadilishwe, na wakawekwa mawakala wakuu wa kuwasimamia wadogo. Kilichofanya kazi Thika hakikuja Tandahimba kikafanya kazi siku hiyohiyo. Meneja wa bidhaa analipwa kwa ajili ya kuijua tofauti hiyo.

Sasa turudi kwa binti wa Chiwanda, na tubadilishe swali. Badala ya programu anayoipenda, mtu wa jinzi amwulize: kule kwenu, wakala anaishiwa fedha taslimu lini?

Hapo binti atakaa vizuri kwenye kiti. Ataeleza kwamba kwao fedha huingia na usipa. Samaki hawa wadogo huvuliwa usiku kwa taa. Mwanga huwavuta, wavu hufanya yaliyobaki. Usiku wa mbalamwezi taa haina nguvu, samaki hutawanyika, mitumbwi hulala. Kwa hiyo siku za neema ni zile za giza. Alfajiri wanawake hununua usipa mbichi kwa ndoo, huwaanika mchangani au kwenye vichanja, na hapo mali yote iko mikononi mwa jua. Mvua ikishuka kabla hawajakauka, mtaji umeoza. Wakikauka huja wanunuzi wa kuwapandisha Mbinga na Songea. Mnunuzi hulipa kwa simu, kwa kuwa hapendi kutembea na fedha nyingi. Mvuvi na mwenye mtumbwi nao wanataka fedha mkononi, leo, maana mafuta na nyavu hununuliwa leo. Wote wanakimbilia kwa wakala yuleyule, asubuhi ileile. Wakala ana namba nyingi kwenye simu na noti chache kwenye droo.

Jopo likiwa makini litamwuliza: tatizo hilo tungelionaje sisi tulioko makao makuu? Na jibu lake ni zuri kuliko la kitabu chochote. Msingeliona, atasema, kwa sababu ripoti zenu zinafuata mwezi wa kalenda, na usipa hufuata mwezi mwandamo, wenye siku 29 na nusu. Kila mwezi siku za neema husogea nyuma kidogo, kama Ramadhani inavyosogea siku 10 au 11 kila mwaka. Kwenye grafu yenu kupanda na kushuka huko kutaonekana kama fujo tu. Pangeni takwimu kwa umri wa mwezi wa angani, na nadhani fujo itapata umbo. Kisha jaribuni jambo moja dogo: wakala wa ufukweni apate mkopo wa fedha taslimu siku tatu kabla giza halijaanza, arejeshe mbalamwezi inaporudi. Mpime nini? Idadi ya wateja walioambiwa "hela hakuna, rudi kesho".

Huenda amekosea. Huenda takwimu zingesema shida kubwa ni mtandao, au umeme, au kwamba wakala mwenyewe anapendelea kuwahudumia shemeji zake kwanza. Lakini ametoa dhana inayoweza kupimwa, ameonyesha itapimwaje, na amesema nani anaumia.

Kuna swali jingine la usaili ambalo huwaangusha wengi wa huko kwetu, nalo halina hesabu. "Tueleze jambo ulilolifanikisha wewe binafsi." Binti anasema "tulifanya". Anasahihishwa: wewe, ulifanya nini? Anarudi tena kwenye "tuli-". Kwenye karatasi ya alama panaandikwa kwamba hana uongozi. Mtu aliyekulia jirani na Wamatengo amefunzwa vingine. Juu ya milima ya Mbinga ile miteremko mikali hulimwa kwa ngoro, mashimo yaliyopangwa kama sega la nyuki, yanayoshika maji ya mvua na kuzuia udongo usiteremke. Wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa miraba, wanawake huchimba udongo katikati na kuyafukia. Majani yanaoza na kuwa mbolea. Kilimo hiki kimechunguzwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine pamoja na wenzao wa Japani, na ni ubunifu wa hali ya juu. Mwulize mwenye shamba nani alifanikisha, atacheka. Jopo lenye busara lingeuliza "wenzako walifanya nini, na wewe ulishika wapi?" na lingepata majibu marefu.

Haya yote hayana maana kwamba kuzaliwa ufukweni ni shahada. Meneja wa bidhaa anatakiwa kusoma takwimu, kuelewana na wahandisi bila kuwadanganya, na kuwaambia wakubwa "hapana" mara nyingi kuliko inavyopendeza. Wapo watoto wa Chiwanda wasiomjua usipa zaidi ya kumla kwa ugali, na wapo watoto wa Masaki ambao wakipelekwa ufukweni wiki moja watarudi na daftari lililojaa. Jicho la kuona mambo hayo linaweza kupimwa kwa wote wawili, ila kipimo hakiwezi kuwa Uber.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mtu kwa mahali alikotoka. Haisemi kitu, na pengine haiwezi kusema, kuhusu swali ambalo jibu lake linapatikana kwa urahisi zaidi Oysterbay. Hilo ni la waajiri wenyewe, na halihitaji fedha nyingi. Nusu ya usaili ifanywe kwa Kiswahili. Maswali yatoke nyumbani. Kwa mfano: ni Julai 2021, tozo ya miamala ya simu imeanza wiki hii, wewe ndiye meneja, unatazama namba gani kwanza asubuhi? Tozo hiyo ilipunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huohuo, kwa hiyo hata jopo lina mahali pa kusahihishia. Au: mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel walikubaliana wateja wao watumiane pesa moja kwa moja, Vodacom ikajiunga 2016, kwa nini watu wengi bado wanatembea na laini mbili?

Na zile kazi za kufanyia nyumbani, za siku tatu au nne, ambazo msailiwa hutumiwa kwa baruapepe akaandike mpango mzima wa huduma mpya, zilipwe. Kama hazilipwi, ziwe za saa mbili. Anayetoka mbali amekwisha kulipa nauli ya kwenda na kurudi, na amelala kwa mjomba Mbagala, sebuleni, watoto wakiamka saa kumi na moja.

Kilicho bora kuliko vyote ni kumtoa msailiwa chumbani. Nusu siku, kibanda cha wakala pale Buguruni, kiti cha plastiki, daftari. Atamwona mzee akija na simu ya vitufe ambayo namba zake zimefutika. Atamwona akimkabidhi wakala simu hiyo, akiinama dirishani, na kumnong'oneza namba yake ya siri. Wakala ataibonyeza bila hata kutazama, kwa kuwa anaijua tangu mwaka jana, pamoja na namba za siri za nusu ya mtaa. Kwenye ukuta nyuma yake pamebandikwa tangazo la kampuni linalosema usimpe mtu yeyote namba yako ya siri. Saa saba mchana jopo lipite kumchukua, wanunue chai, na wamwulize ameandika nini.